Siku Ukunga Ulipotambuliwa Ontario

Tarehe 31 Desemba 1993 niliingia zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, magharibi mwa Toronto. Ngazi za mlango wa nyuma zilikuwa zimeganda barafu, na mlinzi alikuwa amezimwagia chumvi tusiteleze. Kazi ya kwanza ilikuwa kumgeuza bibi mmoja aliyekuwa na kidonda cha mgongo: saa mbili ubavu huu, saa mbili ubavu ule. Mwenzangu wa zamu alikuwa Mjamaika, mkunga kama mimi, aliyesomea kazi Kingston. Tulimshika bibi kwa shuka, yeye upande wa mabega, mimi upande wa nyonga, na kabla hatujahesabu moja mbili tatu akaniambia, "Dada, unajua leo ndiyo ile siku?"

Nilijua. Siku hiyo ilianza kutumika Sheria ya Ukunga iliyopitishwa na bunge la Ontario mwaka 1991. Ontario lilikuwa jimbo la kwanza Kanada kuupa ukunga sheria yake, baraza lake la usajili na, muda mfupi baadaye, malipo kutoka serikalini. Kuanzia siku hiyo pia, mtu asiyesajiliwa alikatazwa kumzalisha mama, isipokuwa pale pa dharura. Mimi nilikuwa nazalisha tangu 1978, na sikuwa na usajili. Kwa hiyo siku ukunga ulipotambuliwa Ontario ndiyo siku mimi nilipoacha kuwa mkunga. Zaidi ya miaka 30 imepita. Wajukuu wangu nikiwaambia maneno hayo huniuliza tena, wakidhani nimekosea kusema.

Nilifunzwa Unguja, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, siku hizo ikiitwa Hospitali ya V. I. Lenin. Uuguzi kwanza, ukunga baadaye. Mama mkuu wetu wa wodi ya wazazi hakuturuhusu kugusa kifaa kabla mikono haijajua kazi. Alitufumba macho kwa kitambaa, akatupa tumbo la mama tulipapase tumwambie kichwa kiko wapi, mgongo uko upande gani, miguu inapiga wapi. Kisha ndiyo unapewa ile pembe ya kusikilizia, unaiweka pale ulipopataja, unainama, unashika saa. Ukikuta mapigo mahali pengine, unarudia upya. Mpaka leo nikimwona mwanamke mwenye mimba kubwa kwenye basi, mikono yangu inajua mtoto kalalaje kabla sijafikiri.

Pale hospitali tulikuwa na madaktari wa Kichina. Walianza kuja Zanzibar mwaka 1964, kundi baada ya kundi. Daktari mmoja wa wodi yetu alikuja na maneno manne ya Kiswahili: sukuma, bado, pole, vizuri. Kwa maneno hayo manne na mikono yake alitosha. Vyeti vyake hatukuvisoma, maana vilikuwa kwa herufi zao, na serikali ilikuwa imeshakubaliana na serikali yao. Sisi tulimpima kwa kazi. Wiki ya pili alimfanyia upasuaji mama aliyekuwa akivuja damu, mama akapona, na tangu hapo wauguzi walikuwa wakigombania kuingia naye chumba cha upasuaji. Hilo nalisema kwa sababu nimewahi kuambiwa kwamba mgeni haaminiki mahali popote duniani, ndiyo desturi. Kwetu haikuwa desturi.

Kisha nikapelekwa Pemba, kwenye kituo cha afya ambako gari la wagonjwa lilikuwa likija likipenda. Huko ndiko nilikojifunza mtoto anayetanguliza matako. Usiku, taa ya karabai, mama kachoka, na daktari yuko mbali na usiku hafiki. Unajizuia usimvute. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kila mtu chumbani anakupigia kelele umvute. Unamwacha mtoto aning'inie kwa uzito wake mwenyewe mpaka uone nywele za kisogoni, ndipo unashika miguu na kumwinua taratibu kuelekea tumbo la mama, na uso unatoka. Nimewatoa hivyo wengi. Wengine sikuwahi, na hao pia nawakumbuka.

Mwaka 1988 tuliondoka. Kaka yangu alikuwa ameshatangulia Toronto na alitudhamini, mimi, mume wangu na watoto wawili. Kanada ilikuwa ikichagua wageni kwa pointi tangu 1967: elimu ina pointi zake, umri una zake, lugha ina zake. Ubalozini walivihesabu vyeti vyangu vyote, uuguzi na ukunga, na vilitusaidia. Sikujua kwamba anayekufungulia mlango wa nchi siye anayekufungulia mlango wa kazi. Visa hutoka serikali kuu ya Ottawa. Leseni za kazi ziko mikononi mwa majimbo, na majimbo yamezikabidhi kwa mabaraza ya wenye taaluma wenyewe. Watu wa Ottawa waliohesabu vyeti vyangu hawakuwa na neno lolote la kuwaambia watu wa Toronto.

Mabaraza hayo kwa Kiingereza huitwa vyuo. Niliposikia kuna Chuo cha Wauguzi cha Ontario nikadhani ni skuli. Nilivaa nguo nzuri, nikabeba vyeti vyangu ndani ya bahasha ya plastiki, nikaenda kuuliza masomo yanaanza lini na karo ni kiasi gani. Bibie aliyenipokea alikuwa mpole sana. Alinieleza kwamba pale hapafundishwi mtu, pale wanasajiliwa waliokwisha kufundishwa. Nikamwambia, basi mimi ndiye. Akanipa fomu.

Uuguzi nilihangaika nao miaka minne. Skuli niliyosomea ilitakiwa itume mtaala na alama zangu moja kwa moja, katika bahasha iliyofungwa kwa mhuri, isipite mikononi mwangu. Barua ya kwenda Unguja ilichukua wiki tatu ikiwa na bahati. Majibu yalipokuja yalikuwa na ukurasa mmoja pungufu, tukaanza tena. Mwaka 1992 nikasajiliwa, lakini kwa daraja la pili, chini ya wauguzi kamili. Ndipo nikaingia ile nyumba ya wazee. Kazi ya wazee ni kazi ya heshima na niliifanya kwa moyo wote. Ila mikono yangu ilikuwa imefunzwa kupokea, na pale kila wiki tulikuwa tunaaga.

Kuhusu ukunga, jibu la 1988 lilikuwa fupi: hapa hakuna kazi hiyo. Kanada ilikuwa nchi tajiri isiyokuwa na wakunga kisheria. Akina mama walizalishwa na madaktari hospitalini. Sheria ya Ontario haikuukataza ukunga waziwazi wala haikuuruhusu. Wapo wanawake wa Kikanada waliokuwa wakizalisha majumbani, kwa ujasiri mkubwa, na ndio waliopigania sheria ije. Mwaka 1986 serikali ya jimbo iliunda tume chini ya mwanasheria Mary Eberts, na mwaka 1987 tume hiyo ikapendekeza ukunga uwe taaluma inayojitegemea. Wanawake hao nawaheshimu. Bila wao hadi leo mama wa Ontario asingekuwa na mkunga.

Lakini kuna jambo lilinichoma nilipolijua, na linanichoma bado. Kwa kuwa kuzalisha kwao hakukuwa na mahali rasmi pa kujifunzia, baadhi yao walisafiri kutafuta uzazi wa kuhesabu. Walikwenda kwenye zahanati za mpakani Texas, ambako wanawake maskini wa Mexico walikuja kujifungua, wengine wakaenda Jamaika, wakakaa wiki kadhaa na kurudi na idadi. Mtafiti Sheryl Nestel aliandika habari hizo katika kitabu chake cha 2006, *Obstructed Labour*. Uzazi wa mwanamke wa Jamaika uliandikwa kwenye hesabu ya mgeni aliyekaa naye wiki chache. Mwenzangu wa zamu, aliyezalisha Kingston miaka kumi na moja, hesabu yake haikuwa na pa kuandikwa.

Kati ya 1991 na 1993 mimi pia nilizalisha. Sitaficha tena, umri umeshakuwa mkubwa. Somalia ilikuwa imevunjika, na majengo marefu ya barabara ya Dixon, kule Etobicoke, yakajaa akina mama waliokuja na watoto mgongoni na mimba tumboni. Kulikuwa na Wabarawa pia, watu wa mji ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili chetu, na wengi wao walikuwa wamepitia Mombasa. Mimi naongea Kiunguja, wao wanajibu Kibarawa, na tunaelewana kabla ya chai kupoa. Walikuwa wanaogopa hospitali. Waliogopa kupasuliwa, waliogopa kuvuliwa nguo mbele ya wanaume, waliogopa kuulizwa maswali juu ya tohara yao na mtu anayekunja uso. Wengi niliwasindikiza hospitalini nikawa mdomo wao. Wachache, ambao uchungu uliwajia haraka au waliokataa katakata kutoka nyumbani, niliwapokelea watoto kwenye mkeka. Sikuchukua pesa. Niliondoka na sahani ya halwa. Hakuna niliyemwandika popote, kwa hofu.

Hofu hiyo ndiyo iliyonigharimu. Kabla ya sheria kuanza, Taasisi ya Michener pale Toronto iliendesha mafunzo maalumu ya kuwapitisha wakunga wa kwanza, mwaka 1992 na 1993. Yalikusudiwa wale ambao tayari walikuwa wakifanya kazi hiyo ndani ya Ontario. Walipita wapatao 60. Mimi uzazi wangu wa Unguja na Pemba ulikuwa nje ya Ontario, na uzazi wangu wa Dixon ulikuwa ndani lakini haukuwa kwenye karatasi.

Mwaka huohuo wa 1993 vyuo vikuu vitatu, McMaster, Laurentian na Ryerson, vilifungua shahada ya ukunga. Nilikwenda kuuliza. Kijana wa mapokezi alinishauri niombe kuanza mwaka wa kwanza. Nilikuwa na miaka 38 na watoto wawili skuli. Nilirudi nyumbani kwa basi, na nakumbuka nilipitiliza vituo vitatu bila kujua.

Njia nyingine ilifunguliwa katikati ya miaka ya 90 kwa wakunga waliosomea nje: kupimwa ujuzi walio nao. Wazo hilo halikuwa geni. Tangu 1989 kikosi kazi kilichoongozwa na Profesa Peter Cumming kilikuwa kimeiambia serikali ya Ontario kwamba milango ya taaluma imefungwa kwa wageni bila sababu ya haki, na kwamba ujuzi wa mtu upimwe ulivyo. Ripoti yao niliisoma kwenye maktaba ya mtaa, kamusi pembeni. Nililia mahali pasipo pa kulilia, kwenye jedwali.

Basi nikaanza kukusanya ushahidi. Walitaka idadi: umezalisha wangapi wewe mwenyewe, si kumsaidia mwenzio, na kwa kila mmoja ilikuwaje. Mkunga wa Pemba hahesabu. Anaandika kwenye daftari la wazazi jina la mama, saa, uzito wa mtoto, anatia sahihi, anakimbilia kitanda cha pili. Nikamwandikia shoga yangu tuliyesoma pamoja, aliyebaki Mnazi Mmoja. Nilimwomba anisaidie, nikijua namwomba mtu aliyekuwa na wodi ya kuendesha.

Barua yake ilifika miezi mitatu baadaye. Karatasi za daftari la skuli, mistari ya penseli, minne imesimama na wa tano umekatiza, safu juu ya safu. Alikuwa amekaa Ijumaa nne mfululizo baada ya sala kwenye chumba cha kumbukumbu, akifungua daftari moja moja kutafuta sahihi yangu. Chini akaandika: "Shoga, nimekuta 611. Daftari la mwaka 1979 limeliwa na mchwa nusu, hao sikuwahesabu. Za Pemba sijui nani anazo. Jicho limeniuma lakini nimecheka sana, mwandiko wako ni uleule mbaya."

Karatasi hizo niliziwasilisha kwenye ofisi niliyotakiwa. Zilirudishwa na maelezo ya adabu kabisa: hazikuwa na mhuri, na hazikueleza nafasi yangu katika kila uzazi.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana nimewasikia wenzangu wengine wakisema mitihani yote ilikuwa hila. Sikubaliani nao. Nimemwona mama akimaliza damu yake mbele yangu kwa sababu aliyempokea alivuta kondo kabla ya wakati. Kazi hii lazima iwe na mlinzi mlangoni. Na yapo mambo ambayo kweli sikuyajua. Kwenye ukumbi wa mtaa sisi wakunga tuliosomea nje tulifanyiwa mazoezi, mmoja anajifanya mama, mwingine mkunga. Niliambiwa nimweleze mama juu ya sindano ya vitamini K ya mtoto. Nikasema, "Mtoto akizaliwa tutamchoma sindano asivuje damu." Msimamizi akanisimamisha. Ontario mkunga haamui peke yake. Anamweleza mama faida na hatari, anamwambia yanayojulikana na yasiyojulikana, kisha mama anachagua. Sisi Unguja tuliamrisha. Kwa upendo, lakini tuliamrisha. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi, nikawakumbuka akina mama niliowafokea. Na habari ya mtoto wa matako: nilipoeleza nilivyofanya Pemba, nikaambiwa kwamba hapa nitatakiwa kumwita daktari. Sawa. Hapa daktari yuko dakika kumi.

Haya yote yalikuwa ya kufundishika. Ningepewa miezi kadhaa, darasa la jioni, na mkunga mmoja wa kunisimamia, ningeyashika. Nilichokutana nacho kilikuwa hatua juu ya hatua, kila moja na ada yake: vyeti, Kiingereza, mtihani wa kuandika, mtihani wa vitendo, kisha miezi ya kuzalisha chini ya usimamizi, ukiitwa mchana na usiku. Nisingeweza kuitwa usiku, kwa sababu usiku ndio niliokuwa nikiuuza kule nyumba ya wazee. Mume wangu mgongo ulikuwa umeshamkatalia kazi ya ghala. Nilifika mtihani wa Kiingereza, nikaupita, nikaishia hapo. Mwaka 1997 nilifunga faili. Mjamaika wangu aliendelea hadi vitendo, kisha mama yake akaugua Kingston, akaenda kumuuguza na hakurudi kwenye mbio.

Daraja hasa, fupi, lilikuja baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ryerson ilianzisha programu ya wakunga waliosomea nje, isiyofika mwaka. Wanawake wa Irani, wa Ufilipino, wa Ethiopia walipita humo wakasajiliwa. Mwaka 2006 Ontario ikapitisha sheria ya kuyataka mabaraza ya taaluma yawe wazi na ya haki kwa waombaji, na 2007 ikamteua Kamishna wa kwanza wa kuyasimamia katika jambo hilo, Jean Augustine. Yeye mwenyewe aliondoka Grenada mwaka 1960 akiwa mwalimu, akaingia Kanada kwa mpango wa wafanyakazi wa ndani, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu, na mwaka 1993 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuchaguliwa katika Bunge la Kanada. Nilipomwona kwenye televisheni akipewa kazi hiyo nilisimama sebuleni peke yangu. Nilikuwa na miaka 52.

Kuna usiku mmoja sijausema. Machi 1995, barabara ya Dixon, ghorofa ya tisa. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali mama mmoja wa Kibarawa, mimba ya tatu, siku zake zilikuwa bado wiki mbili. Tulipokuwa tukingoja lifti ili wanisindikize, maji yakamtoka. Nikamwambia mumewe apige simu ya dharura. Kisha nikamtazama yule mama usoni, nikajua gari halitawahi. Tulirudi mlangoni kwao, hatukufika ndani. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili akachuchumaa. Nikavua koti langu la baridi nikalitandika. Kichwa kikatoka, kitovu kikiwa kimezunguka shingo mara moja, kimelegea, nikakipitisha juu ya kichwa kwa kidole. Pumzi mbili, bega, bega la pili, na mtoto wa kike akaniangukia mapajani, wa moto, akipiga kelele korido nzima. Majirani walifungua milango. Nikamweka kifuani kwa mama, nikamfunika kwa kanga yake, nikaacha kitovu mpaka kikaacha kupiga.

Watu wa gari la wagonjwa walifika wakiwa wanahema. Walikuwa vijana wawili, wema, wakafanya kazi yao vizuri. Mmoja akachukua fomu, akaniuliza jina, kisha akaniuliza kama nina leseni ya ukunga. Nikasema hapana. Akaniuliza, basi wewe ni nani kwake? Nikafikiri. Sheria iliruhusu dharura, sikuwa na la kuogopa, ila sikupata neno. Yule mama, akiwa bado amelala kwenye koti langu, akataka kunisemea, akaanza kusema mkunga. Nikamtangulia.

"Jirani," nilisema, naye akaandika hivyo.

Nilifika nyumbani alfajiri, koti limo ndani ya mfuko wa taka. Sikulala. Nilitoa zile karatasi za shoga yangu kwenye bahasha zilimorudishiwa, nikatafuta penseli kwenye mkoba wa skuli wa mwanangu. Safu yake ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja tu, umesimama peke yake. Nikachora wa pili pembeni yake.